Nyanya Wawili Waliotoka Msituni

Mwaka wa 2023 Kenya iliwazika nyanya wawili. Mukami Kimathi alitangulia, mwezi wa Mei. Muthoni wa Kirima akamfuata Septemba. Wote wawili walikuwa wamevuka miaka tisini, na wote wawili walikuwa wapiganaji wa Mau Mau. Siku zile runinga zilijaa picha zao na hotuba za wakubwa, na pengine nanyi, wanangu, mlitazama mkajiuliza: huyu bibi kizee aliyekunjamana hivi alipigana na nani, na kwa nguvu zipi?

Ni swali zuri, nami nitalijibu polepole. Hotuba za mazishi huwa na haraka. Zinamwita marehemu shujaa mara kumi kabla ya jeneza kushushwa, lakini hazikuambii shujaa huyo alikuwa anakula nini, analala wapi, au ni kitu gani kilichomtia hofu usiku. Mimi naona mtu akishajua hayo, neno shujaa linakuwa na uzito. Kwa hiyo ketini, tuanzie mbali kidogo.

Kisa kinaanzia kwenye ardhi. Waingereza walipoitawala Kenya walizitenga nyanda za juu zenye rutuba kwa ajili ya walowezi wa Kizungu. Mwafrika hakuruhusiwa kumiliki shamba huko. Angeweza kuishi pale kama maskwota, yaani alime kipande kidogo cha ardhi kwa ruhusa ya mlowezi, na kwa malipo ya ruhusa hiyo amfanyie kazi siku nyingi za mwaka kwa ujira mdogo sana. Mwanamume alitembea na kipande: karatasi yenye jina lake na alama za vidole vyake, imetiwa ndani ya kikasha cha chuma, kikaning'inizwa shingoni. Akikutwa bila hicho, ni kosa. Wazazi wa Muthoni walikuwa vibarua katika shamba la mlowezi upande wa Nyeri, na Muthoni alikulia huko. Shule hakuiona.

Kisha vikaja Vita vya Pili vya Dunia. Vijana wengi wa Afrika Mashariki waliingizwa katika jeshi la KAR, ambalo wazee wetu walilitamka Keya, wakapelekwa Uhabeshi, Madagaska, hadi Burma kupigana na Wajapani. Mmoja wao aliitwa Waruhiu Itote. Huko Burma aliona kwamba Mzungu naye hutokwa na damu, huogopa, hukimbia. Vita vilipokwisha, askari weupe waliorudi waligawiwa mashamba katika nyanda zile zile za juu. Askari weusi walirudi kwenye kipande na kwenye kutafuta kazi. Itote hakuyasahau hayo. Miaka michache baadaye aliongoza wapiganaji katika msitu wa Mlima Kenya, na watu wakamjua kwa jina la Jenerali China.

Watu walianza kula kiapo kisirisiri, wakiahidiana kuirudisha ardhi na kuung'oa ukoloni; harakati hiyo ndiyo iliyoitwa Mau Mau. Tarehe 20 Oktoba 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza Hali ya Hatari. Usiku ule ule Jomo Kenyatta na viongozi wengine walikamatwa. Serikali ilidhani ikiwafunga wakubwa, watu watatulia. Yalitokea kinyume chake. Vijana kwa maelfu walipanda kuingia misitu miwili mikubwa, ule wa Nyandarua, ambao Waingereza waliuita Aberdare, na ule wa Mlima Kenya.

Mume wa Muthoni alikuwa kati ya waliopanda. Muthoni alikuwa na miaka kama ishirini na mmoja. Alibaki nyumbani, na hapo ndipo vita vyake vilipoanzia, kabla hajaingia msituni hata hatua moja.

Hebu fikirini. Watu maelfu wako milimani, mahali pasipo shamba wala duka. Wanakula nini? Wanajuaje askari watapita njia gani kesho? Dawa ya kidonda inatoka wapi? Risasi zinatoka wapi? Majibu yote hayo yalitembea kwa miguu ya wanawake. Mama aliondoka na kiondo cha viazi kana kwamba anakwenda shambani, na chini ya viazi mna risasi. Msichana alikwenda kuteka maji mtoni, akarudi amehesabu magari ya jeshi yaliyopita. Jijini Nairobi vijana wa kike walifanya kazi ya kupeleleza na kupitisha silaha. Mmoja wao, Wambui Otieno, alikuja kuandika kitabu juu ya maisha hayo, na alifariki mwaka wa 2011. Muthoni alifanya kazi hii hii ya kubeba chakula na habari kwenda kwa wapiganaji. Homugadi, yaani Waafrika waliopewa silaha na serikali kulinda vijiji dhidi ya Mau Mau, walimshuku. Walimpiga vibaya wakitaka aseme mumewe yuko wapi. Hakusema. Alipoona nyumbani hapakaliki tena, akaufuata msitu.

Mkipata nafasi ya kwenda Nairobi, nendeni bustani ya Uhuru Park mkaone mnara wa kumbukumbu uliozinduliwa Septemba 2015. Ni sanamu ya watu wawili. Mmoja ni mpiganaji mwenye nywele ndefu za misokoto, na mwingine ni mwanamke anayemkabidhi chakula. Itazameni vizuri. Mikono yao inakutana lakini nyuso zao zimegeuka, kila mmoja anatazama kwake. Mchongaji hakukosea. Ndivyo ilivyofanyika kweli: anayeleta na anayepokea hawakutakiwa kujuana sura, ili mmoja akikamatwa na kuteswa asiwe na cha kusema juu ya mwenzake. Mimi sanamu hii naipenda kuliko zote nchini. Nyingine zinaonyesha mtu na bunduki yake. Hii inaonyesha vita vyenyewe.

Na Waingereza walijua kwamba nguvu ya msitu ilitoka kwa wanawake hawa. Ndiyo maana kuanzia mwaka wa 1954 waliwahamisha watu zaidi ya milioni moja, wengi wao wanawake, wazee na watoto, kutoka kwenye nyumba zao zilizotawanyika vilimani na kuwarundika katika mamia ya vijiji vipya. Nyumba za zamani zilichomwa moto. Kijiji kipya kilizungushiwa seng'enge na handaki lililojaa miti iliyochongwa ncha kali, na jioni ikifika hakuna kutoka. Kando ya msitu nako lilichimbwa handaki refu la kilomita nyingi ili kuutenga msitu na mashamba. Waliolichimba bila malipo ni wale wale akina mama ambao waume zao au watoto wao walikuwa ng'ambo ya pili. Mama alikuwa anachimba shimo la kumzuia asimlishe mwanawe. Katika vijiji hivyo njaa iliua watoto wengi.

Sasa tuingie msituni na Muthoni.

Msitu wa Nyandarua unapanda hadi zaidi ya mita 3,000. Huko juu mianzi imesongamana hata jua halifiki chini. Usiku baridi inauma mifupa, na mvua ya mawe si ajabu. Nguo za pamba zilichakaa upesi kwa miiba na unyevu, hivyo wapiganaji wakajishonea makoti na kofia za ngozi za wanyama. Walitega wanyama kwa mitego ya kamba, wakatafuta asali. Moto waliwasha kwa uangalifu, kwa kuwa moshi wa mchana ungeonekana na ndege za kivita, nazo zilikuwa zikipita kila mara. Waingereza walileta ndege kubwa aina ya Lincoln zilizomwaga mabomu juu ya miti bila kumwona mtu hata mmoja. Mabomu yale yaliwaua tembo na nyati pia, na nyati aliyejeruhiwa ni adui mbaya kumkuta kwenye kijia chembamba.

Silaha nyingi walijitengenezea. Kipande cha bomba la maji kilikuwa mtutu, komeo la mlango likawa la kufyatulia, mipira ya tairi ikawa springi. Bunduki kama hiyo ingeweza kumlipukia mwenyewe usoni. Barua nazo zilikuwa na posta yake: mgumo mmoja mkubwa ndani ya Nyandarua, ambako wajumbe waliacha ujumbe katika mti ili mwingine aje auchukue. Mti huo hadi leo unaitwa Posta ya Kimathi. Na baada ya miezi mingi bila sabuni, pua za wapiganaji zilikuwa kali kiasi cha kunusa sabuni na sigara za askari wa Kiingereza kabla ya kuwaona.

Nywele hazikuwa na kitana wala wembe. Ziliachwa zijisokote zenyewe. Leo mnaziita rasta, na kuna saluni mnaweza kwenda mkasokotwa kwa saa chache. Zile za msituni zilijifanya kwa mvua, jasho na miaka.

Kiongozi mkuu katika Nyandarua alikuwa Dedan Kimathi, mtu wa Nyeri aliyewahi kuwa mwalimu na aliyependa sana kuandika. Aliweka kumbukumbu za mikutano, majina, vyeo na barua, hata katikati ya mianzi. Alimtazama huyu mwanamke aliyekuja msituni kumfuata mumewe, akaona ana akili ya kupanga mambo. Akamwita kwa jina la mnana, ndege anayefuma kiota chake kwa ustadi, kwa sababu alijua kufuma mipango. Muthoni alipanda cheo hadi akawa fildimasho, cheo kilicho juu ya jenerali. Hakuna mwanamke mwingine wa Mau Mau anayejulikana kukifikia. Alijeruhiwa kwa risasi na akapona bila hospitali.

Kuna jambo moja alilipoteza huko ambalo halikurudi. Alikuwa mjamzito msituni na mimba ikaharibika. Hakupata mtoto tena maishani mwake. Alipoulizwa uzeeni, alikuwa akijibu kwamba mtoto wake ni Kenya. Watu walipenda kulirudia jibu hilo majukwaani, nami nalielewa, lakini nawaomba msilipite haraka. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, kwenye baridi ile, bila mkunga.

Nisipowaambia hili lifuatalo nitakuwa sijawasimulia kwa haki. Vita hivi havikuwa kati ya Waafrika upande mmoja na Wazungu upande mwingine peke yao. Vilipita katikati ya familia. Kuna nyumba ambamo ndugu mmoja alikuwa homugadi na mwingine yuko msituni. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, huko Lari, kundi la Mau Mau lilishambulia familia za watu waliokuwa upande wa serikali, likaua watu zaidi ya 70, wengi wao wanawake na watoto. Kisha ikaja kulipiza kisasi, na wengi wengine wakauawa. Watoto wa pande zote mbili walibaki yatima, na walikua wakichota maji mto mmoja. Wazee wengi hawapendi kuzungumza habari za Imajensi, kama wanavyouita wakati ule, na sababu mojawapo ni hii: jirani anayewaamkia kila asubuhi anaweza kuwa mtoto wa yule aliyewapiga, au wa yule waliyempiga wao.

Sasa nimfikie Mukami.

Yeye alikuwa mke wa Dedan Kimathi, lakini nisingependa mmkumbuke kwa hilo tu. Alikula kiapo, alifanya kazi ya harakati, aliishi msituni, akakamatwa na kufungwa katika gereza la Kamiti, karibu na Nairobi. Kamiti palikuwa na kambi ya wanawake, na maelfu ya wanawake walizuiliwa huko na kwingineko enzi zile. Walivunja mawe, walilima, walibeba udongo. Miongoni mwa kazi walizolazimishwa kufanya ni kuwazika walionyongwa. Na walionyongwa walikuwa wengi: katika miaka ile serikali ya kikoloni iliwanyonga watu 1,090. Waingereza hawakunyonga watu wengi kiasi hicho katika koloni lao jingine lolote.

Tarehe 21 Oktoba 1956, asubuhi na mapema, Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa kando ya msitu, amevaa koti la ngozi ya chui. Novemba alishtakiwa Nyeri. Shtaka halikuwa la kuua mtu. Lilikuwa la kukutwa na bastola na risasi, na chini ya sheria za Hali ya Hatari hilo lilitosha kumpeleka mtu kwenye kitanzi. Alihukumiwa kifo.

Siku moja kabla ya kunyongwa, Kimathi alimwandikia barua padri mmoja wa misheni ya Kikatoliki ya Nyeri. Barua hiyo ingalipo. Hamna amri za kivita ndani yake. Anamshukuru padri kwa vitabu alivyomletea, anamwomba aangalie masomo ya mwanawe, amkumbuke mama yake mzazi aliyekuwa mkongwe. Anamtaja pia mke wake, kwamba yuko kizuizini Kamiti. Mukami aliruhusiwa kuonana na mumewe siku ile. Kesho yake, tarehe 18 Februari 1957, Kimathi akanyongwa ndani ya gereza lile lile, akazikwa mahali ambapo hapakuwekwa alama yoyote. Mukami alirudi kwenye kifungo chake. Alikuwa mama wa watoto wadogo.

Wakati huo Muthoni alikuwa bado msituni. Jeshi la Uingereza lilishaondolewa kwenye mapigano, Hali ya Hatari yenyewe ikaondolewa Januari 1960, mikutano ya katiba ikafanyika London, Kenyatta akaachiliwa mwaka wa 1961, na vikundi vidogo vya wapiganaji bado vilikuwa milimani, haviamini habari zinazotoka chini. Muthoni alitoka Desemba 1963, Kenya ilipopata Uhuru, wapiganaji waliposhuka hadi uwanja wa Ruring'u, Nyeri, kusalimisha silaha kwa serikali yao wenyewe. Aliingia msituni akiwa msichana, akatoka na miaka zaidi ya thelathini. Mumewe alifariki mwaka wa 1965. Walikuwa wameonja maisha ya amani pamoja kwa muda mfupi tu.

Na walikuta nini chini? Wakati wengine wakiwa msituni na kizuizini, serikali ya kikoloni ilikuwa imeipima upya ardhi ya Wakikuyu na kutoa hati. Aliyekuwepo siku ya kupima, tena akiwa upande wa serikali, alipata. Asiyekuwepo angemwambia nani? Wapiganaji wengi waliotoka kuipigania ardhi hawakuwa na ardhi ya kusimika nyumba. Muthoni alijikimu. Aliijua misitu ile kama kiganja chake, akajua hata tembo walifia wapi, na kwa muda alifanya biashara ya pembe za ndovu kwa leseni ya serikali, wakati ilipokuwa halali. Mukami alilea wanawe huko Kinangop.

Hili linalofuata vijana wengi hawaliamini nikiwaambia. Sheria ya mkoloni iliyoipiga marufuku Mau Mau mwaka wa 1950 iliendelea kuwa sheria ya Kenya huru kwa miaka arobaini. Chama cha wapiganaji wa zamani kisingeweza kuandikishwa. Nelson Mandela alipokuja Nairobi Julai 1990, miezi michache baada ya kutoka gerezani, alimtaja Kimathi hadharani kuwa mmoja wa waliompa moyo kwenye mapambano yake. Mgeni kutoka Afrika Kusini alikuwa anatukumbusha mtu wetu. Marufuku iliondolewa mwaka wa 2003, wakati wa Rais Mwai Kibaki. Sanamu ya Kimathi ilisimamishwa katikati ya Nairobi tarehe 18 Februari 2007, miaka hamsini kamili tangu anyongwe. Wapiganaji wengi hawakuishi kuiona.

Baada ya marufuku kuondoka, wazee walipata sauti. Mwaka wa 2009 wachache kati yao walikwenda London kuishtaki serikali ya Uingereza kwa mateso waliyofanyiwa kizuizini. Serikali ile ilijitetea kwamba ni mambo ya zamani mno. Lakini kesi iliifanya ikiri kwamba ilikuwa imeficha mafaili ya makoloni yake 37 kwenye jengo moja huko Hanslope Park, na ndani ya mafaili ya Kenya mlikuwa na barua za maofisa wenyewe zinazozungumzia vipigo na mateso. Tarehe 6 Juni 2013, Waziri William Hague alisimama bungeni London akatamka kwamba Uingereza inayajutia hayo. Ililipa jumla ya pauni milioni 19.9, pamoja na gharama za mawakili, kwa ajili ya watu 5,228. Mkigawanya mtaona kila mzee alipata kiasi gani. Ni kidogo. Lakini yule mzee aliyeambiwa kwa miaka sitini kwamba anasema uongo, siku ile alisikia aliyemtesa akikiri.

Turudi kwa Muthoni na nywele zake. Alizitoa msituni kichwani mwake na hakuzikata. Alikuwa akisema hatazinyoa mpaka aone matunda ya uhuru walioupigania. Marais wakaja na kuondoka, nywele zikarefuka hadi zikawa nzito, naye akizifunika kwa kitambaa. Aprili 2022 alimwita Mama Ngina Kenyatta, mjane wa rais wa kwanza, afike kwake Nyeri amnyoe. Zilikuwa na umri wa miaka kama sabini. Watu walibishana: je, kanyoa kwa sababu ameyaona matunda, au kwa sababu amechoka kungoja? Mimi naona hakuwa na deni la kumweleza mtu. Alizifuga kwa uamuzi wake, akachagua mwenyewe siku ya kuziondoa na mkono wa kuziondoa. Mwaka na nusu haukupita, akafariki.

Mukami naye alikuwa na ombi moja, na alilirudia kwa kila serikali: nionyesheni kaburi la mume wangu. Alitaka kumtoa Kamiti amzike nyumbani kama watu wanavyozikwa. Kaburi lile lilichimbwa ndani ya gereza, na magereza huweka kumbukumbu, kwa hiyo hakuwa akiomba muujiza. Mwaka wa 2019 zilivuma habari kwamba kaburi limepatikana, lakini hazikuthibitishwa. Mwandishi Alice Wairimu Nderitu aliyatia maisha ya Mukami katika kitabu kilichotoka mwaka wa 2017, na nawasihi mkitafute, kwa kuwa humo yeye si kivuli cha mtu mwingine. Mukami alizikwa Njabini, Kinangop, Mei 2023. Rais William Ruto alikuwepo. Miaka sitini na sita ilikuwa imepita tangu siku ile ya Kamiti. Nasikitika kwamba nchi yenye wasomi, wapimaji ardhi, na maabara za vinasaba ilimwacha mwanamke yule aende bila jibu. Wanawe na wajukuu wake bado wanastahili kupewa.

Bado wapo wazee wa Imajensi. Wako Nyeri, Murang'a, Kirinyaga, Embu, Meru, Nyandarua, na wengine wako Nakuru na Nairobi kwa watoto wao. Aliyekuwa mtoto wa miaka kumi wakati kijiji chao kinachomwa, sasa ana zaidi ya themanini. Huenda mmoja wao ni nyanya yako mwenyewe, na hujawahi kumwuliza.

Ukienda kwake, usianze kwa kuuliza aliua nani au alikula kiapo gani. Wengi watanyamaza, na wana haki. Mwulize walipika nini kijijini wakati wa kafyu. Mwulize handaki lilipita wapi, akuonyeshe. Sehemu nyingine bado kuna bonde kidogo ardhini. Mwulize kiondo kilifumwaje ili kiwe na nafasi ya kuficha kitu. Mwulize majina ya rafiki zake waliokwenda msituni wasirudi, na uyaandike yote, na jina la mto na la kilima, kama anavyoyatamka yeye. Akichoka, mwache apumzike. Rudi kesho na daftari lile lile.